Posa ya wa Katikati

Uani hakuna aliyetumia jina lake. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kwanza ya chumba kile cha mazungumzo ya simuni, na ndiyo iliyowafanya wanawake wa Mji wa Kale wakipende. Ukiingia unapewa jina la ua, na kuanzia hapo wewe ni asumini, au mrehani, au kilua, basi. Kwa hivyo Alhamisi ile, adhuhuri ilipokwisha kuswaliwa na vichochoro vimenyamaza kwa jua, Nasiha alipoona umeingia ujumbe wa neno moja tu, alipaswa kuogopa papo hapo.

"Nasiha."

Hakuogopa. Alikuwa amekaa sakafuni akichekecha unga wa hina, vidole vimejaa vumbi la kijani, mawazo yako kwingine. Msichana aliyelelewa vizuri akiitwa huitika kabla hata ya kujua anaitwa na nani. Kidole chake kiliandika chenyewe:

"Labeka."

Halafu ndipo alipokumbuka kwamba mle ndani yeye ni kilua, na kwamba hakuna mtu duniani aliyejua kuwa kilua ni yeye.

Nyumba ilikuwa ya shangazi yake, Bi Mwanakuu, ambaye mji mzima ulimwita Bi Mwanakuu wa piko, kwa ile rangi nyeusi ya kupamba ngozi. Chini palikuwa na chumba cha kazi, chenye mikeka na mito, ambapo mabibi harusi walinyoosha mikono na miguu yao wakachorwa maua. Juu, mwisho wa ngazi ya mbao, palikuwa na chumba cha Fairuz, binti pekee wa Bi Mwanakuu. Nasiha aliletwa pale akiwa na miaka kumi na mmoja, mamake alipofariki. Alisoma hadi kidato cha pili, kisha Bi Mwanakuu akamwambia kwamba mikono imepungua chumbani, na shule ikaishia hapo.

Siku ile alilia juu kwa Fairuz. Fairuz alimfuta machozi kwa ncha ya leso yake akamwambia, "Nyamaza. Nikimaliza chuo nikapata kazi, n'takurudisha shule mimi mwenyewe. Vitabu vyako viweke, usimpe mtu."

Nasiha aliviweka. Miaka mitatu vilikaa ndani ya sanduku chini ya kitanda chake, na kila Ramadhani alivitoa akavipangusa. Kisha ikaja posa ya Fuad, kijana mpole wa Kuze aliyejenga nyumba ng'ambo ya Feri, huko Likoni. Nyumba ikajaa vigelegele. Siku moja, wakati wa chakula, Nasiha alimuuliza Fairuz kwa sauti ndogo, "Dada, na ile shule yangu?"

Fairuz alicheka, wala hakucheka kwa ubaya. "Eh! Vitabu vile hata leo unavyo?"

Hilo tu. Nasiha alijichekea na yeye, akaondoa sahani.

Programu ile yenye chumba cha Uani aliwekewa na Stacy, dada wa Kirabai aliyefanya kazi pamoja nao. Stacy aliitumia kuzungumza na nduguye Jael, aliyekuwa Uarabuni kwa kazi za nyumbani, ambaye tajiri wake alimpekua simu kila Ijumaa.

"Humu hakuna namba, hakuna jina," Stacy alimweleza siku anamwekea. "Neno lako limefungwa kwa kufuli, na ukilituma haliendi moja kwa moja. Hupita mashine tatu, kila moja nchi yake. Ya kwanza yakujua wewe, lakini haijui neno laenda wapi. Ya mwisho yajua laenda wapi, lakini haikujui wewe."

"Na ya katikati?"

"Ya katikati haijui lolote. Yapokea, yapitisha."

"Ya nani hiyo?"

Stacy alicheka. "Ya mtu yeyote. Hakuna ajuaye. Ndiyo raha yake."

Na Uani hakukuhitaji kutafutwa. Wanawake waliokaa kungoja piko ikauke hawakuwa na mikono ya kushika simu, lakini midomo walikuwa nayo, na hawakuwa na jingine la kusimulia: nani kauliza nini Uani, nani kajibiwa vipi. Siku moja mamake Fuad mwenyewe, amelaza miguu juu ya mto, alisema, "Mimi siandiki, nasoma tu."

Usiku wa siku ile ya kicheko, Nasiha aliandika:

"Wanaoposa nyumba ya Bi Mwanakuu wa piko wajue. Yule binti ana mume tayari. Ni jini mahaba. Humjia saa ya jua la utosi, nyumba ikilala."

Ujumbe wa Uani ulifutika wenyewe baada ya siku moja, usionekane tena kwenye simu yoyote. Nasiha aliamka akitaka kuufuta mapema, akakuta tayari umesomwa na watu mia na kitu. Alijiambia hawataamini. Siku ya tatu mamake Fuad alituma salamu kwamba wangependa mambo yasubiri kidogo. Hakusema kwa nini. Fairuz alipanda juu akafunga mlango, na kilio chake kilishuka ngazi ile ya mbao, kikamkuta Nasiha ameinamia chekecheo, macho makavu.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi ndipo alipoitwa.

Baada ya kuitika kwake, alijipangusa vumbi la hina akaishika simu vizuri. Kisha maneno yakaja, moja moja, bila jina la ua.

"Barua yangu imefika?"

"Barua gani?" Nasiha aliandika. Alidhani ni mzaha wa mteja fulani.

"Ya posa. Umenitaja mbele ya watu, umesema mimi ni mumewe. Kwetu sisi anayepeleka habari hiyo ni mshenga. Nimekuja kusikia nimejibiwa nini."

"Wewe nani?"

"Wa katikati."

Alizima simu. Aliiweka chini ya gunia la hina, akanawa mikono, akanawa tena. Ilikuwa saa saba na dakika chache, Bi Mwanakuu amelala ukumbini, Stacy ameenda kununua ndimu Marikiti. Alipokuwa akijipangusa alisikia mtu akipanda ngazi. Mtu huyo alikuwa amevaa makubadhi, viatu vya ngozi vinavyolia kwa kila hatua. Kha. Kha. Kha. Hatua za mtu asiye na haraka, mtu anayejua aendako. Zilifika juu zikasimama. Nasiha alitazama mlango wa nje. Komeo lilikuwa mahali pake.

Ijumaa Fairuz alishuka jikoni akachukua vikombe viwili.

"Cha pili cha nani, dada?" Nasiha aliuliza.

Fairuz aliviangalia vile vikombe kama mtu aliyeamshwa. "Sijui," alisema. Lakini alipanda navyo vyote viwili.

Jumamosi chumba cha kazi kilianza kunuka. Bibi harusi mmoja alivuta pua akauliza kama marashi yamechacha, na kweli ilikuwa harufu ya marashi ya mawaridi, lakini yaliyooza, kama maji ya chombo cha maua kilichosahauliwa nyumba imefungwa. Bi Mwanakuu alifukiza udi. Udi uliungua, moshi ukapanda ngazi wote, hata uzi mmoja usibaki chini.

Jumapili Fairuz aliacha kulia. Hilo lilimtisha Nasiha kuliko kilio. Alijipamba. Alichana nywele tangu asubuhi hadi adhuhuri, akavaa dhahabu zake, akakataa kula, na Bi Mwanakuu alipomwita kutoka chini hakuitika. Ilipofika saa ya jua la utosi alisikika akizungumza kwa sauti ya chini, akinyamaza kama anayejibiwa, akicheka.

"Mwanangu ameingiwa na nini?" Bi Mwanakuu alinong'ona, mkono kifuani. "Nasiha, wewe ndiye wa karibu naye. Hujasikia kitu? Hajakwambia kitu?"

"Sijasikia kitu, shangazi."

Alifuta ile programu Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi ilikuwa pale pale, na ndani yake mstari mmoja: "Mshenga hafuti, mshenga hurudisha jibu." Bakuli zima la hina lilimponyoka likamwagika. Alimvuta Stacy hadi nyuma, penye tangi la maji.

"Stacy, huko Uani, ukitaka kumjua mtu ni nani, yawezekana?"

"Haiwezekani. Kwani kuna nini?"

"Kuna mtu yuanisumbua mle. Tangu Alhamisi."

"Tangu Alhamisi wapi?"

"Uani."

"Nasiha." Stacy alitoa simu yake akamwonyesha, sauti yake imeshuka kabisa. "Uani kulifungwa Jumatano. Walioanzisha waliogopa, baada ya yale maneno ya Fairuz. Tazama. Hakuna chumba. Hakuna mtu hata mmoja mle ndani."

Walisimama hivyo, maji yakidondoka kwenye tangi. Stacy hakuwa mjinga. Nasiha aliyaona macho yake yakipiga hesabu polepole, kisha yakifika.

"Uongo," Stacy alinong'ona. "Niambie si wewe."

Nasiha alichota maji tangini akaanza kunawa mikono.

Mchana ule Bi Mwanakuu alikwenda kumtafuta mtu wa kumsomea bintiye, na Stacy akafuatana naye, kwa hivyo Nasiha alibaki peke yake chini, na adhuhuri ilipopita alisikia makubadhi yakianza kupanda, lakini safari hii hayakuanzia mlangoni, yalianzia pale alipokaa, hatua moja nyuma ya mgongo wake, naye hakugeuka, alishindwa kugeuka, aliinuka tu akayafuata kwa sababu juu alikuwapo Fairuz na Fairuz alikuwa amenyamaza, akapanda kipago kimoja baada ya kingine akiwa ameziba pua kwa leso, harufu ya mawaridi yaliyooza imejaa kama maji yanayopanda, hadi akafika kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo, na kwenye upenyo ule akamwona nduguye ameketi kitandani na mapambo yake yote, mikono ameinyoosha mbele, viganja juu, kama wanavyofanya mabibi harusi kule chini wakichorwa, na hapakuwa na mtu mbele yake, hapakuwa na kitu, ila kwenye ngozi ile nyeupe ya mkono mstari mweusi wa piko ulikuwa ukitambaa wenyewe, unajikunja ua, unajikunja jani, kutoka kifundoni kuelekea kiwikoni, na Fairuz akageuza uso polepole akamtazama Nasiha, akatabasamu, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume:

"Mshenga, karibu. Kaa. Umeniletea jibu?"

Nasiha alianguka. Alipofumbua macho alikuwa chini ya ngazi, kichwa kikiwa mapajani mwa Stacy, na chumba kimejaa jamaa na majirani.

Aliyeletwa kumsomea Fairuz aliitwa Maalim Mzamil. Alikuwa mtu wa makamo, karani bandarini, na kwa kuwa alitolewa kazini alikuja na beji yake shingoni na kalamu mfukoni. Fairuz aliteremshwa akalazwa mkekani. Maalim alivua beji, akatia udhu, akaketi akasoma. Alisoma kwa utulivu, kama mtu anayekagua mzigo, harudi nyuma wala haharakishi, mpaka mwili wa Fairuz ukakakamaa na ile sauti ikatoka.

"Umeingiaje hapa?" Maalim aliuliza.

"Kwa mlango. Mimi sikuvunja kitu. Nilitajwa mbele ya watu kuwa mume wa huyu, na aliyenitaja nilimwita mara moja akaniitika. Nimeposa kwa heshima. Mwataka niondoke? Na arudishe posa aliyeileta."

"Ni nani aliyeileta?"

"Yumo humu. Yuanisikia."

Bi Mwanakuu aligeuka, na macho yake yalimwangukia Stacy.

"Ni wewe!" Sauti ilimpasuka. "Wewe na masimu yako ya siri! Leo nimeambiwa neno la jini lilitoka Uani, na wateja wote wajua ni wewe unayewawekea. Nilikuokota Makupa unauza karanga juani, nikakutia nyumbani kwangu, ukakaa na binti yangu, kumbe wanichimbia kaburi la mwanangu!"

"Mama, naapa kwa Mungu aliyeniumba, sikuandika neno."

"Toka! Toka kwangu!"

Stacy alimtazama Nasiha mara moja tu. Hakumtaja. Angeweza kumtaja kwa neno moja, na wote wangegeuka, lakini hakumtaja, na Nasiha alikaa kimya. Alikaa kimya Bi Mwanakuu akimtukana Stacy kwa mamake na kabila lake. Alikaa kimya Maalim akiuliza mara ya pili ni nani. Alifikiri: Stacy atakwenda, nyumba itatulia, hakuna atakayejua, kama nilivyoahidiwa kuwa hakuna atakayejua. Alikaa kimya hadi Stacy alipoinama mlangoni kuokota viatu vyake, kimoja kikamponyoka kwa sababu hakuona vizuri kwa machozi.

"Ni mimi," Nasiha alisema.

Hakuna aliyemsikia vizuri. Akasema tena.

"Shangazi, muache. Ni mimi."

Bi Mwanakuu hakumpiga. Alikaa chini tu, polepole, kama mzee.

"Usiniambie mimi," Maalim alisema, bila ukali. "Uliyaleta bila jina. Yarudishe kwa jina. Si kwa simu, kwa ulimi wako, mbele ya uliyemsingizia."

Nasiha alipiga magoti kando ya mkeka. Ulimi ulikuwa mzito kama kitambaa kilicholowa.

"Mimi Nasiha binti Khubaib," alisema, "nilileta posa ya uongo katika nyumba hii. Fairuz hana mume. Nilimsingizia kwa sababu nilikuwa na uchungu naye. Posa nairudisha. Haikukubaliwa."

Kikombe cha pili, kilichokuwa juu chumbani, kilisikika kikivunjika. Fairuz alivuta pumzi ndefu, mikono yake ikalegea, na weusi wa piko ukaanza kuchuruzika mkekani kama wino uliomwagiwa maji. Kisha makubadhi yakateremka ngazi. Kila mtu chumbani aliyasikia. Yalivuka mkeka, yakafika mbele ya Nasiha, yakasimama pale kitambo, kama mtu anayetia kitu akilini. Kisha yakanyamaza. Watu walihema, wakashukuru, Bi Mwanakuu akamkumbatia bintiye. Nasiha peke yake ndiye aliyebaki akisikiliza, kwa kuwa alikuwa akingoja mlango wa nje ufunguliwe, na haukufunguliwa.

Kesho yake alikwenda Kuze, akasimama mbele ya mamake Fuad akayasema yale yale. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho. "Neno lile mimi nimewaambia watu wangapi, mwanangu?" alisema. "Na hao je? Utawafuata wote?" Nasiha akawafuata. Wiki mbili alibisha milango ya Kibokoni na Kuze na Ndia Kuu, akijitaja jina lake na la babake, wengine wakimhurumia, wengine wakimfungia mlango usoni. Hata kwa mamake Stacy alikwenda, hadi Rabai, kumwomba radhi kwa matusi yale.

Harusi ilikuwa baada ya mwezi. Stacy, aliyerudi kwa kubembelezwa, ndiye aliyemchora Fairuz piko. Nasiha alikaa nyuma akisaga hina. Fairuz hakumtukana wala hakumwambia neno baya. Alimwita "yule". Mwambieni yule alete maji. Mpeni yule chakula. Jina Nasiha halikutoka tena kinywani mwake, na siku alipovuka Feri kwenda kwake aliwaaga wote kwa majina, hata paka.

Maalim Mzamil aliacha onyo moja. "Wewe ulishaitika," alimwambia Nasiha. "Ukiitwa mara moja usiitike tena. Ngoja ya tatu. Wao huita mara moja tu, ndivyo tujuavyo." Tangu hapo nyumba nzima ilimwita mara tatu. Bi Mwanakuu alikuwa akiita huku akigonga meza, moja, mbili, tatu, na wateja walidhani ni uchoyo wa kuitika. Simu alishaivunja. Aliishi hivyo miezi minne, na mara mbili alisikia jina lake mara moja tu saa ya jua la utosi, akafunga mdomo kwa leso mpaka pakanyamaza.

Jana Bi Mwanakuu na Stacy walikwenda Marikiti kununua ndimu. Adhuhuri ilipita, kichochoro kikanyamaza. Nasiha alikuwa sakafuni na chekecheo lake.

"Nasiha."

Sauti ilitoka juu, kwenye chumba kilichofungwa. Ilikuwa ya Fairuz. Ilikuwa ya Fairuz wa zamani, yule aliyefuta machozi kwa ncha ya leso. Nasiha aliuma mdomo. Fairuz yuko Likoni, alijiambia, asubuhi tu amepiga simu kwa mamake.

"Nasiha."

Chekecheo lilimwanguka. Harufu ya mawaridi yaliyochacha ilishuka ngazi, kidogo tu, kama mtu aliyepita na marashi. Hawawezi kuita mara mbili. Alitazama komeo la mlango, likiwa mahali pake. Miezi minne alikuwa akiomba kila baada ya swala asikie jina lake kwa sauti ile, mara moja tu, hata kwa hasira.

"Nasiha," Fairuz alisema, kwa upole kabisa. "Vitabu vyako bado unavyo? Vilete."

Mara tatu.

Aliinuka. Alikwenda hadi kitandani kwake akavuta sanduku, akavipangusa vitabu kimoja kimoja, akavikumbatia kifuani. Alipofika chini ya ngazi machozi yalikuwa yakimtiririka, naye alijua, alijua vizuri kabisa, akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza.

"Labeka, dada."